Slaidi ya FISH imetoka giza: tuanzie wapi?

Umefika maabara asubuhi, umetoa slaidi kwenye inkubeta ilikolala usiku kucha, umeiosha, umedondosha DAPI, rangi ya buluu inayoshika DNA, na kuifunika. Umezima taa za chumba na kukaa kwenye hadubini. Viini vya seli viko, vya buluu, vimetulia. Nukta nyekundu hakuna. Nukta za kijani hakuna. Na sampuli ni ya mtoto ambaye wazazi wake wanasubiri majibu.

Hapo mkono wa wengi wetu huenda moja kwa moja kwenye friza kutoa probu nyingine. Nawaomba msifanye hivyo. Katika miaka niliyofanya kazi hii nimekutana na probu mbovu mara chache sana. Mkosaji huwa joto, au taa, au kromosomu zenyewe jinsi zilivyoandaliwa siku mbili tatu nyuma. Probu ndiyo kitu ghali kuliko vyote juu ya meza hiyo, na ukiimaliza utasubiri mzigo mwingine ufike. Kipimajoto kinakupa jibu dakika hiyohiyo, bila gharama.

Kwa aliye mgeni: FISH ni njia ya kuonyesha kipande fulani cha DNA kinakaa wapi kwenye kromosomu. Tunaifungua DNA ya mgonjwa kwa joto ili nyuzi zake mbili ziachane, tunaweka probu, yaani kipande cha DNA kilichofungwa rangi inayong'aa, kisha tunashusha joto ili probu imtafute pacha wake na kushikana naye. Mwaka 1969 Joseph Gall na Mary-Lou Pardue walifanya jambo hili kwenye seli za chura kwa kutumia mnururisho, na ililazimu kusubiri muda mrefu mpaka alama zijitokeze kwenye emalshani ya picha. Mwaka 1986 Daniel Pinkel, Tore Straume na Joe Gray wakachapisha njia ya kuziona kwa rangi zing'aazo, na hiyo ndiyo tunayoirithi leo. Kufungua, kushikanisha, kuosha, kutazama: kila hatua inaharibika kwa namna yake na inaacha alama yake kwenye slaidi. Isome alama hiyo kabla hujabadilisha kitu.

Isome kwa mpangilio. Kwanza DAPI, pili nukta za udhibiti, yaani za sehemu inayotarajiwa kuwepo kwa kila mtu, tatu ndiyo zile unazozitafuta. Chukua mfano wa ugonjwa wa DiGeorge. Probu ya sehemu inayopotea, 22q11.2 (kromosomu ya 22, q ni mkono mrefu), huja pamoja na probu ya udhibiti iliyo kwenye mkono huohuo wa kromosomu 22 lakini karibu na ncha, 22q13. Ukiona za udhibiti mbili na za 22q11.2 moja, na hali hiyo ikajirudia seli baada ya seli, hapo una jambo la kumwambia daktari. Lakini kama za udhibiti nazo zinaonekana kwa kubahatisha, basi kukosekana kwa ile nyingine hakujakwambia chochote kuhusu mtoto. Kumekwambia habari za slaidi tu.

Taa kwanza

Weka kwenye friza, nyuzijoto hasi 20, ndani ya boksi lisilopitisha mwanga, slaidi moja iliyowahi kutoka vizuri. Huyo ni shahidi wako. Siku slaidi mpya inapotoka giza, mtoe shahidi umweke chini ya lenzi ileile na filta ileile. Naye akiwa giza, acha kutafuta mchawi kwenye chupa za bafa. Tatizo liko kwenye hadubini.

Taa ya zebaki ya wati 100 hupewa maisha ya saa 200 hivi. Ikipita hapo mwanga hufifia polepole sana, na jicho linauzoea bila mwenyewe kujua. Kinachowadanganya wengi ni kwamba DAPI itaendelea kuonekana, kwa sababu inapaka DNA yote ya kiini, ilhali nukta ya probu ni kijisehemu kidogo mno cha DNA hiyo. Kwa hiyo buluu inayong'aa si ushahidi kwamba taa ni nzima. Andika saa za taa kwenye daftari kila unapoiwasha na kuizima. Ukibadilisha taa, ipange upya katikati. Taa mpya iliyokaa upande ni sawa na taa iliyochoka.

Kisha filta. Kila rangi ina mwanga inaoupokea na mwanga inaoutoa: DAPI hupokea karibu nanomita 358 na kutoa buluu ya 461, fluoresini hupokea karibu 495 na kutoa kijani cha 519. Soma karatasi ya probu ujue rangi yake halisi, maana «nyekundu» ya kampuni moja ni «chungwa» ya nyingine na filta zake hazifanani. Rangi za nyekundu ya mbali kama Cy5 ni kamera ndiyo inayoziona. Jicho la mtu halizioni vizuri hata zikiwa zimewaka sawasawa. Nimemkuta kijana wa mafunzo akizisaka kwa macho karibu saa nzima, machozi yanamlenga, na slaidi yake ilikuwa nzuri kabisa.

Mafuta ya lenzi yawe yale yasiyong'aa yenyewe. Lenzi ifutwe. Na usiiache slaidi chini ya mwanga huku unajaza fomu: funga shata, rangi zinaungua.

DAPI inasema mengi

Taa ikiwa nzima, rudi kwenye slaidi yako na uangalie buluu peke yake. Tafuta metafezi, yaani seli ambayo kromosomu zake zimejikunja na kutawanyika, na uitazame kwa lenzi ya 100.

Kromosomu nzuri ina kingo zilizokatika sawasawa na mikanda hafifu ndani yake. Kromosomu iliyopikwa kupita kiasi haina kingo: imevimba, imetandazika, katikati imekuwa kama tundu, mikono miwili haitofautishwi. Ni kama wali bokoboko, punje hazihesabiki tena. Hapo DNA ilikaa kwenye joto muda mrefu mno, au joto lilizidi, au slaidi ilikuwa mbichi mno ilipoingia. Pepsini, kimeng'enya kinachokula protini, ikizidi nayo huleta sura ya namna hiyo, ila yenyewe hula kingo za viini pia na kuacha vishimo.

Hali ya pili ni kinyume chake, na ndiyo inayowachanganya watu: kromosomu nzuri mno, kali, mikanda yake unaweza kuichora, na nukta hakuna hata moja. Uzuri huo ndio dalili yenyewe. DNA haikufunguka. Probu ilifika mlangoni ikakuta pamefungwa.

Joto la kufungua DNA

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo slaidi nyingi hufia.

Maelekezo ya kawaida yanasema fomamidi, kimiminika kinachosaidia nyuzi za DNA kuachana, asilimia 70 ndani ya 2×SSC (SSC ni bafa ya chumvi, na namba ni ukolevu wake), pH 7.0 hadi 7.5, nyuzijoto 73 kwa dakika 2 hadi 5. Hizo nyuzi 73 ni za kimiminika kinachoigusa slaidi. Si za skrini ya beseni la maji ya moto ambamo chombo cha slaidi hukaa.

Kulikuwa na kipindi ambapo kwa wiki tatu mfululizo maabara niliyokuwa nafanyia kazi haikupata nukta za kuaminika. Tulibadilisha probu. Tukabadilisha fomamidi. Tukamlaumu aliyedondosha seli kwenye slaidi. Siku moja mwenzangu, dada mmoja mtulivu, akachukua kipimajoto cha kioo, akakitumbukiza ndani ya chombo chenyewe cha slaidi, akasubiri. Skrini ya beseni inasoma 73. Kipimajoto kikapanda hadi 67 kikasimama hapo. Tukainama kutazama: maji ya beseni yalikuwa yamepungua kwa kuvukiza, yanafika nusu tu ya chombo, na kifuniko cha beseni kilikuwa kimeachwa wazi. Tukajaza maji mpaka yakapita usawa wa fomamidi, tukafunika, tukasubiri nusu saa. Ikafika 73. Slaidi za siku hiyo ziliwaka zote. Sampuli za wiki tatu, baadhi za watoto, zilirudiwa kwa sababu ya maji yaliyopungua vidole vinne.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Kipimajoto kinakaa ndani ya chombo, hakitoki. Chombo kinaingia beseni likiwa bado baridi, maana kioo kikiingizwa kwenye maji ya moto kinapasuka. Na siingizi slaidi zaidi ya nne kwa mpigo, kwa sababu kila slaidi ya baridi inapoingia hushusha joto kwa takriban nyuzi moja. Ukitaka kuingiza nne, panda kwanza hadi 76 au 77 ili baada ya kuingia zikae kwenye 72 au 73.

Wanaotumia sahani ya moto, ambako slaidi na probu hufunguliwa pamoja kwa nyuzi 75 au karibu na hapo, wana adui mwingine: sahani haina joto sawa kila mahali. Pima pembe zote nne na katikati. Ukikuta pembe iliyopoa, weka alama ya kalamu usiitumie.

Fomamidi nayo huzeeka. Ikikaa wazi inageuka kuwa na tindikali, na pH ikitoka kwenye 7 sura ya kromosomu inaharibika hata kama joto ni sahihi. Pima pH kila unapotengeneza mchanganyiko mpya, na mchanganyiko wa wiki nzima mwage. Vaa glavu na uifungue chini ya kabati la hewa; ni sumu kwa mimba, na dada zetu ndio wengi kwenye meza hizi.

DAPI safi, joto sahihi, nukta bado hakuna

Sasa ndiyo tunaifikia probu, na bado si kuilaumu. Mchanganyiko wa probu una dekstrani salfeti, kitu kizito kama asali, kinachozama chini ya kichupa. Ukichota juujuu bila kuuchanganya, unaweka bafa tupu kwenye slaidi. Uache ufikie joto la chumba, utikise vizuri, uzungushe kwenye sentrifuji sekunde chache, ndipo uchote. Pipeti iende taratibu, maana uzito huo unadanganya kipimo cha mikrolita 10.

Halafu tazama nukta zimekosekana wapi. Zikikosekana kwenye duara moja tu katikati ya slaidi na kwingine zipo, hilo ni povu la hewa chini ya kioo cha kufunikia. Zikikosekana pembezoni, na pembezoni hapo pana ukoko unaong'aa, probu ilikauka usiku: gundi ya mpira haikufunga vizuri, au kisanduku cha unyevu kilikuwa na karatasi kavu, au umeme ulikatika na inkubeta ikabaki moto wa kubahatisha. Zikikosekana kila mahali sawasawa, hiyo si ya povu wala gundi. Rudi kwenye joto, au nenda kwenye uoshaji.

Uoshaji wa haraka hutumia 0.4×SSC yenye sabuni ya NP-40 kidogo, nyuzi 72 au 73, dakika 2. Chumvi ikipungua na joto likipanda, uoshaji unakuwa mkali zaidi na unang'oa hata probu iliyoshikana kihalali. Kosa la kawaida hapa ni la hesabu: kupata lita moja ya 0.4× kutoka kwenye 20× unahitaji mililita 20. Kupata 2× unahitaji mililita 100. Chupa mbili zinafanana, maji yote hayana rangi, mtu amechoka. Andika kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Kama slaidi ni ya pekee na seli zimebaki nzuri, inaweza kuokolewa. Ondoa kioo, osha DAPI kwa 2×SSC, pitisha kwenye ethanoli ya 70, 85 na 100, iache ikauke, kisha weka probu upya. Safari hii punguza muda wa joto kama sura ya kromosomu imeanza kulegea.

Nukta nyingi kupita kiasi, au ukungu

Kwanza jiulize ukungu uko wapi, maana kila mahali pana sababu yake.

Ukungu uliotanda juu ya kioo kitupu, pasipo na seli, ni wa uoshaji dhaifu, slaidi chafu, au slaidi iliyokauka kati ya chombo kimoja na kingine. Ukungu unaozunguka kiini kama pete ni saitoplazimu iliyobaki. Pepsini kidogo sana kwenye asidi hidrokloriki ya 0.01 M, nyuzi 37, huisafisha, ila ijaribu kwa dakika chache kwanza kwenye slaidi isiyo ya mgonjwa. Ukungu uliokaa juu ya kromosomu zote, kila moja imepakwa rangi hafifu mwili mzima, unatoka kwenye vipande vya DNA vinavyojirudia kila mahali katika jenomu. Ndiyo maana mchanganyiko wa probu huwekwa DNA ya Cot-1, iyafunike marudio hayo. Probu mliyotengeneza wenyewe ikileta sura hiyo, ongeza Cot-1.

Kuna kosa moja hapa ambalo ni la kibaiolojia, na kila anayehesabu nukta anapaswa kulijua kama jina lake. Sentromea, yaani viuno vya kromosomu, za binadamu zimejengwa kwa DNA iitwayo alfa satelaiti, na baadhi ya kromosomu zinafanana mno hapo. Ya 13 na ya 21 zinafanana kiasi kwamba probu moja ya sentromea huziwakia zote mbili. Ya 14 na ya 22 hali kadhalika. Ya 1, ya 5 na ya 19 nazo ni ndugu. Kwa hiyo ukitumia probu ya sentromea kutafuta kromosomu ya 21 iliyozidi, utaona nukta nne kwa mtu mzima wa afya na tano kwa mwenye Down, na seli zikilaliana hesabu hiyo haishikiki. Kwa Down tumia probu ya eneo maalumu kwenye mkono mrefu, 21q22, ambayo haina pacha kwingine. Na probu ya sentromea ya kromosomu nyingine yoyote ikianza kutoa nukta za ziada, ndogo na hafifu kuliko zile kuu, kaza uoshaji: joto lipande nyuzi moja au mbili na chumvi ibaki chini. Zikitoweka zile hafifu na kuu zikabaki, umepata jibu.

Nukta mbili au moja iliyogawanyika?

Seli ikishanakili DNA yake kabla ya kugawanyika, kila sehemu inakuwa na nakala mbili zilizokaa pamoja. Chini ya lenzi utaona vinukta viwili vimegusana au vimeachana kidogo. Kanuni tunayoitumia: nafasi kati yake ikiwa ndogo kuliko upana wa nukta moja, hesabu moja. Usiposhika kanuni hiyo utaripoti trisomi, yaani nakala tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa mtu asiye nayo.

Upande wa pili, nukta zikipandana hutoa «moja» ya uongo. Sogeza fokasi juu na chini. Kiini ni kitu chenye kina, hakijalala bapa kama karatasi. Kwa sababu hiyo kila maabara lazima iwe na kikomo chake cha kawaida kwa kila probu, yaani seli ngapi zenye hesabu isiyo sawa huonekana hata kwa mtu mzima, kilichopimwa kwa sampuli za watu wasio na tatizo, kwenye hadubini yao, kwa macho ya watu wao. Kikomo cha kuazima kwenye makala ya maabara nyingine hakikulindi. Sisi husoma viini 200, wasomaji wawili, kila mmoja mia yake bila kuambiwa alichokipata mwenzake. Wakitofautiana sana, wa tatu anasoma.

Kosa lililofanywa siku tatu kabla

Wakati mwingine FISH haina kosa lolote. Kosa ni kwamba hakuna metafezi, au zipo na hazifai.

Anza na bomba la damu. Kwa kuotesha seli tunahitaji heparini ya sodiamu ya kuzuia damu isigande. Damu ikifika kwenye bomba la EDTA, kizuia kuganda cha aina nyingine, seli hazitaota vizuri, na hakuna ujanja wa baadaye utakaoirudisha. Piga simu wodini, eleza kwa upole, omba damu nyingine. Damu iliyosafiri juani kwenye kiti cha mbele cha gari nayo utaijua kwa jinsi mgawanyiko ulivyo haba baada ya saa 72.

Kromosomu fupi nene kama vijiti vya kiberiti: kolsemidi, dawa inayozisimamisha seli kwenye metafezi, ilikaa muda mrefu. Kromosomu ndefu zimesokotana na hakuna metafezi za kutosha: ilikaa muda mfupi. Metafezi zimejibana kama ngumi, hazitawanyiki: maji ya potasiamu kloridi ya 0.075 M hayakuzivimbisha vya kutosha. Hatua hiyo ya kuvimbisha ndiyo iliyofungua uwanja mzima. T. C. Hsu aliieleza mwaka 1952, na miaka minne baadaye, 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan wakaweza kuhesabu sawasawa na kutangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46, baada ya miaka mingi ya vitabu kusema 48. Kila ninapoona metafezi iliyotawanyika vizuri huwa nawakumbuka.

Halafu kuna hewa ya chumba. Tone linapoanguka kwenye kioo, linatanda, kingo zake zinatoa rangi kama upinde wa mvua, na katika sekunde hizo chache ndipo kromosomu hutawanyika. Hewa ikiwa kavu, tone linakauka upesi na kromosomu zinabaki zimebanana ndani ya saitoplazimu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, tone linachelewa, metafezi inapasuka na kromosomu za jirani zinachanganyika. Ndiyo sababu mtu aliyejifunza Nairobi akihamia Dar es Salaam au Mombasa hushangaa mkono wake umepatwa na nini. Mkono haujabadilika. Lenga unyevu wa karibu asilimia 50 na nyuzi 25. Kwenye ukavu, pitisha slaidi juu ya mvuke wa beseni kabla ya kudondosha. Pwani, washa kiyoyozi, na slaidi iwekwe juu ya sahani yenye uvuguvugu mara tone linapoanza kukauka. Mchanganyiko wa methanoli tatu kwa asidi asetiki moja utengenezwe siku hiyohiyo. Wa jana umeshavuta maji kutoka hewani.

Kabla probu haijaguswa, tazama slaidi kwa mwanga wa kawaida wa fezi. Kromosomu ziwe za kijivu kilichokolea, bila mng'ao wa kioo na bila ukungu kuzizunguka. Slaidi isiyopita hapo isiwekewe probu.

Kwa wanaofanya mikanda ya Giemsa kwa tripsini, yaani kuzipaka kromosomu rangi ya Giemsa baada ya kimeng'enya cha tripsini ili mikanda yake ionekane, njia aliyoichapisha Marina Seabright mwaka 1971, neno moja tu: kromosomu zilizopakwa sawasawa bila mikanda zimepata tripsini kidogo au slaidi haijakomaa, zilizovimba zenye kingo za manyoya zimepata nyingi. Jaribu slaidi moja kwa kubadilisha sekunde, kisha ndipo zifuate nyingine.

Tishu za parafini, na limfoma ya Burkitt

Kwenye tishu zilizohifadhiwa ndani ya nta ya parafini sheria zinabadilika. Kiini kimefungwa na formalini, na kisu cha mikroni 4 kimekikata, kwa hiyo viini vingine vitakosa nukta kwa sababu ya kisu tu. Tishu iliyokaa kwenye formalini siku nyingi inahitaji pepsini zaidi. Iliyokaa saa chache tu itayeyuka kwa pepsini ileile. Tishu ya mfupa iliyolainishwa kwa asidi kali mara nyingi haina DNA ya kushikana na chochote, na hapo ongea na watu wa patholojia watumie EDTA kwa sampuli zijazo. Seli nyekundu za damu zinang'aa zenyewe kwenye filta zote. Nukta halisi hung'aa kwenye filta yake tu.

Lakini hasi ya uongo inayonisumbua zaidi ni ya aina nyingine, nayo inatuhusu sisi hapa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto, saratani inayoitwa leo limfoma ya Burkitt. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba jeni ya MYC kwenye kromosomu ya 8 huhamia jirani na jeni za kingamwili, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, mara chache kwenye ya 2 au ya 22. Probu inayotumika sana ni ile ya kupasua: nyekundu upande mmoja wa MYC, kijani upande mwingine, zikikaa pamoja huonekana za njano, jeni ikikatika zinaachana.

Tatizo ni mahali pa mkatiko. Kwenye Burkitt ya nchi zetu za joto, ambayo huandamana na malaria na virusi vya Epstein-Barr, kromosomu ya 8 hukatika mara nyingi mbali na MYC yenyewe, wakati mwingine mamia ya maelfu ya bezi (herufi za DNA) kabla yake. Mkatiko ukiangukia nje ya eneo lililofunikwa na probu, nyekundu na kijani zinahama pamoja, hazijaachana, na wewe unaandika «kawaida». Kila kitu kwenye slaidi ni sahihi: DAPI safi, udhibiti upo, nukta kali. Probu ndiyo haikufika mkatiko ulipo.

Kwa hiyo mpatholojia akikwambia seli zinafanana kabisa na Burkitt na FISH yako ya kupasua imesema hapana, usimbishie na usikubali jibu lako bado. Weka probu ya muungano, yenye rangi moja kwa eneo pana la MYC na nyingine kwa jeni ya kingamwili ya kromosomu ya 14, utafute rangi hizo mbili zikikutana. Angalia kwenye karatasi ya kila probu inafunika kilobezi ngapi na upande gani. Na bloku ya parafini isirudishwe ghalani mpaka slaidi hiyo ya pili isomwe, kwa sababu mtoto wa aina hii uvimbe wake hukua kwa siku, na kuomba kipande kipya ni kumrudisha tena mezani kwa daktari wa upasuaji.